Mzazi Aliyejipikia Mwani

Hapa Gazi mwani hauliwi. Kina mama wanaupanda baharini, wanauanika, mnunuzi anauchukua kwa magunia, basi. Ndiyo maana Muhsina alipoteremka kitandani, mtoto hajatimiza hata wiki, akawasha jiko na kuinjika sufuria ya mwani, nyumba nzima ilidhani ameingiwa na wazimu. Mzazi hatakiwi jikoni mpaka amalize arobaini.

Mimi jirani yao nilikuwapo, nimepeleka uji wa pilipili manga ambao hakuugusa. Tangu ajifungue alikuwa hali kitu, na mama yake, Bi Nusra, alishaanza kuogopa.

Muhsina alisomea ufugaji wa samaki Korea, akapanga chumba kwa mama mmoja wa mji wa Pusan. Wali usiotiwa nazi aliuzoea kwa shida, lakini kabichi iliyochachushwa kwa pilipili aliipenda mara moja. Kisha, asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa, yule mama alimwekea bakuli la mwani na chaza, maana alijua mpangaji wake haili nyama ya kule isiyochinjwa kihalali. Muhsina alilisukuma kando kwa hasira. Alidhani anachekwa kwa kuwa mtoto wa mpanda mwani. Mwenyeji wake akamweleza taratibu kwamba kwao hiyo ndiyo supu ya mzazi, na kila mwaka mtu huinywa siku aliyozaliwa kumkumbuka mamake. Aliinywa huku analia, na aliporudi nyumbani alikuja na pakiti za mwani mkavu.

Sasa Bi Nusra alisimama mlangoni akimwamuru aipue sufuria. Watu watasema nini, mwanawe kulishwa majani ya kutengenezea sabuni?

"Waache waseme," Muhsina alijibu bila kugeuka. "Huu si ule wetu, ila ni ndugu yake. Uniwie radhi, mama, lakini sitoki hapa mpaka uive."

Na hakutoka. Alimaliza bakuli zima, chakula chake cha kwanza tangu ajifungue. Akajaza la pili, akampelekea mama yake kwa mikono miwili.

"Miaka yote umesimama majini unawapandia watu wasiokujua," alisema. "Uliponizaa mimi, ulikunywa nini?"

Bi Nusra aliviangalia vidole vyake vilivyopasuka kwa chumvi.

"Uji," alisema. "Mtupu."

Akaketi, akalipokea bakuli. Nami, kwa kuwa maneno yangesemwa tu, nikaomba la kwangu.