Ndoano Iliyopakwa Rangi

Pale karakana wanamwita Daktari wa Vyuma, naye hakatai, maana kuringa kidogo hakujamuua mtu. Kazi yake ni kupitisha kalamu ya kupimia juu ya chuma. Kalamu huamsha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma, na mikondo ikikuta ufa hukatizwa njia, mstari kwenye kioo cha mashine ukaruka. Asubuhi hiyo aliipima ndoano ya kreni, mstari ukatulia tuli. Akamwambia mumewe, dereva wa kreni hiyo, "Panda baba, iko salama."

Baadaye akawa anafuta ncha ya kalamu. Kitambaa kikatoka na rangi ya njano.

Moyo ukamlipuka. Fundi wa rangi alikuwa ameipendezesha ndoano ile kwa tabaka juu ya tabaka, naye Daktari, kwa haraka zake, alikuwa ameitegesha mashine isome kwa kipande cha chuma cha mfano kisicho na rangi hata tone. Rangi nene huiweka kalamu mbali na chuma, na alama ya ufa hufifia kiooni mpaka isionekane. Kosa la mwanafunzi mgeni hilo!

Alitoka mbio. Tangi la chuma lilikuwa linaning'inia hewani, na wachomeleaji wawili wameinama chini yake.

"Tokeni hapo! Shusha! Polepole!"

"Si umesema mwenyewe iko salama?" msimamizi alifoka.

"Nilikosea! Toa watu!"

Aibu ilimchoma, lakini hofu ilimzidi nguvu. Tangi lilishuka likiyumba, kamba za kreni zikilia. Lilipotua, aliikwangua ndoano rangi yote, akaitegesha mashine upya, akapitisha kalamu kwenye mkunjo wa ndani. Mstari ukaruka. Akarudia. Ukaruka tena, palepale.

Mumewe alikuwa ameshashuka. Aliangalia kioo, akaiangalia ndoano iliyokuwa imebeba tani zile juu ya vichwa vya watu, akajikalia sakafuni kwenye grisi.

"Mama watoto," alisema, "ile ndoano ya ghala la pili, nayo uliipima juu ya rangi?"

Daktari alikuwa ameshainyakua mashine yake.

"Mdogo wangu yuko zamu kule."

"Mpigie!" alipiga kelele, mashine kwapani, tayari anakimbia. "Mpigie shemeji atoke chini yake!"