Mfuko wa Kulia

Asubuhi, wanawake wenye hereni nyingi husimama mbele ya kioo wakijiuliza zipi ziende na gauni lipi. Bi Makali hujiuliza swali hilohilo mbele ya mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe hamna hereni. Mna visu vya kukunja, kila kimoja kimelala kwenye kipande chake cha flaneli: chenye mpini wa pembe, chembamba kama ganda la kunde; chenye mpini wa mpingo na vichwa vya shaba; chenye mabapa mawili, moja la kazi na jingine la heshima tu; na kile kinene chenye bapa lililopinda kama ukucha wa paka, ambacho hutoka siku za magunia.

Vyote hufunguliwa kwa kucha. Hakuna kitufe, wala hakuna cha kurusha na kudaka kama wahuni wa sinema. Ndiyo maana kucha ya dole gumba lake la kulia ni ndefu kidogo kuliko nyenzake, jambo ambalo wasiomjua hudhani ni uvivu. Kisu kikifungwa hulia mara moja, tak, na mlio huo ndio anaoununua. Sokoni kwenye vitu vikuukuu hukipeleka kisu sikioni kama mtu anayepokea simu, akakifunga, akasikiliza. Kisicholia hurudishwa kwa mwenyewe, hata kama kina nakshi.

Jina la Bi Makali alipewa na wenzake kazini, na halimfai. Ni mpole kiasi kwamba paka wa jirani huingia jikoni kwake bila hodi.

"Wanawake wenzio wanakusanya vikombe," wifi yake, dada wa mumewe, humwambia kila akija. "Siku ukifa sisi tutagawana nini? Visu?"

"Mtagombana tu, wifi. Afadhali mgombane mkiwa na vifaa."

Imani yake ni kwamba kisu kisichobebwa ni mzoga. Watu wanaoweka visu kwenye makabati ya vioo huwaonea huruma, na visu vyao zaidi. Lakini kubeba kunataka mfuko, na hapo ndipo dunia ilipomkalia vibaya, kwa sababu washonaji wa nguo za wanawake walishaamua, bila kuitisha kikao, kwamba mwanamke hana cha kubeba.

Mumewe, fundi cherehani, alimpata kwa mlango huo. Enzi za usichana alipeleka gauni lipunguzwe kiuno. Vijana wengine wa mtaani walikuwa wakimpa maneno matamu, nayo hayakuwa na pa kutiwa. Huyu fundi aliona amefumbata kisu kidogo kiganjani. Hakuuliza ni cha nini. Aliuliza, "Unatumia mkono gani?" Gauni lilirudi likiwa na mfuko upande wa kulia, wenye bitana maradufu ili uzito usiuchoshe. Harusi ilibaki kuwa suala la kutafuta tarehe. Mpaka leo yeye humwita mumewe Fundi, na Fundi humwita Mteja.

Kazini yuko meza ya mapokezi katika bohari la vifurushi. Kazi yenyewe ni kufungua: kamba za katani, magunia yaliyoshonwa midomo, maboksi yaliyozungushiwa utepe wa gundi na watu waliodhani wanafunga jeraha. Miaka mingi ilipita hivyo, kisu cha siku kikitoka na kurudi mfukoni. Kisha akaja meneja mpya, na meneja akaja na sare.

"Gauni hili limebuniwa," aliwaambia wanawake wa mapokezi, akilishika kwa vidole viwili. "Halina mifuko kwa makusudi. Mfuko unaharibu umbo."

"Umbo la nani?" aliuliza mama wa mizani, ambaye analo la kutosha.

"La taasisi."

"Mbona suruali za wanaume zina minne, na hawana cha kutia ila mikono?"

"Suruali bila mfuko si suruali, mama."

Bi Makali akanyanyua kidole. "Na visu vyangu, meneja?"

"Kipo kikatio." Alionyesha kijiplastiki chenye wembe ndani, kimefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza. "Usalama kwanza. Na sare haiongezwi wala haipunguzwi kitu. Atakayeichezea, atapumzika nyumbani."

Mnyororo ulikuwa mfupi. Kwa hiyo kikatio hakikwenda kwa boksi. Boksi lilikokotwa kwenda kwa kikatio, kama mgonjwa kwa mganga mwenye maringo, na nyuma yake likangoja foleni ya maboksi mengine. Bi Makali akatii. Visu vikabaki nyumbani, mpaka siku alipofungua kile cha pembe akakuta doa la kutu, dogo kama punje ya ulezi. Akamwonyesha mumewe.

"Fundi, mwisho wa mwezi naacha kazi."

"Kazi ya miaka yote hiyo, kwa ajili ya mfuko?"

"Nilikubali kuolewa kwa ajili ya mfuko. Kazi ni nini?"

Ushahidi wa hilo ulikuwa Fundi mwenyewe. Akaiomba sare, akaigeuza ndani nje, akaisoma kama wakili asomavyo mkataba wa mpinzani.

"Wamesema usiongeze wala usipunguze. Nje au ndani?"

"Hawakufafanua."

"Basi wana bahati mbaya."

Akafumua mshono wa ubavuni kiasi cha kiganja kupita, akatia mfuko kwa ndani, akapiga pasi mpaka uwazi ukajificha. Kutu akaipangusa kwa tone la mafuta ya cherehani. Kesho yake kisu cha pembe kikaenda kazini bila kuaga mtu.

Aliyegundua ni mama wa mizani, na kwa sikio.

"Nimesikia tak."

"Umesikia vibaya."

"Shoga, mkono wako umezama ubavuni mpaka kifundo. Au umetoboka?"

Jioni hiyo alifika kwa Fundi na sare yake ndani ya mfuko wa plastiki. Yeye hakuwa na kisu. Alikuwa na miwani, dawa za presha na hasira. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu akidhani yuko peke yake. Cherehani haikulala. Punde hapakuwa na gauni zima pale mapokezi, na kwa nje yote yalikuwa mazima.

Kisha mkurugenzi akatoka makao makuu kuja kuiona sare. Meneja akawapanga wanawake kwenye mstari, wima, mabega nyuma. Lakini mkono ulioonja mfuko hausikii amri. Mmoja ukazama. Ukafuata wa jirani. Mkurugenzi, mama aliyevaa suti ya bei, alipita mbele yao akiwa ameshika simu, faili, miwani na chupa ya maji, vyote kwa mikono miwili tu ambayo Mungu alimpa. Mbele ya Bi Makali akasimama.

"Hizo zina mifuko?"

Meneja akatazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta nyumbani kwake mlango asioujenga. Bi Makali angeweza kuutoa mkono polepole na kusema hapana. Kazi yake ilikuwa inaning'inia kwenye jibu. Akauacha ulipo.

"Zina, mama."

"Wewe unaweka nini?"

Akatoa kisu cha pembe, kimefungwa, akakilaza kiganjani. "Kazi yangu ni kufungua."

"Fungua nione."

Kucha, bapa, kamba ya gunia lililokuwa karibu. Mkupuo mmoja, na gunia likaachama. Tak. Mkurugenzi akamkabidhi meneja faili, simu, miwani na chupa, akakiomba kisu. Kucha yake yenye rangi iliteleza mara ya kwanza.

"Tumia dole gumba, mama. Usikionee haya."

Mara ya pili kikafunguka. Akakifunga, akausikia mlio, akakifungua tena bila sababu yoyote ya kikazi.

"Meneja, nani amebuni mifuko hii?"

Meneja akawatazama wanawake, akamtazama mkurugenzi aliyekuwa anatabasamu, akafanya hesabu.

"Ni ubunifu wa tawi letu," alisema. "Tuliwasikiliza watumiaji."

Mama wa mizani akapaliwa, akalazimika kutoka nje.

Waraka ulikuja haraka kuliko kawaida ya nyaraka: matawi yote, sare za wanawake ziwe na mifuko, na mwenye kazi ya kufungua abebe kisu chake cha kukunja. Mnyororo ukakatwa. Meneja akapigwa picha akiwa na gauni mkononi.

"Kakuibia," Fundi alimwambia mkewe.

"Mwache. Yeye kapata picha. Mimi nimepata mfuko."

Sare mpya zilipofika, meneja alimkabidhi Bi Makali ya kwake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya zamu nzima. Ilikuwa na mifuko miwili, kulia na kushoto. Bi Makali akaitia mikono yote miwili, akaisukuma chini, akaipima mifuko kwa vidole bila haraka.

"Umeridhika sasa, Bi Makali?"

"Bitana ni nyepesi, meneja. Imeshonwa na mtu asiyebeba kitu." Akaikunja sare, akaiweka kwapani. "Lakini usijali. Kuna fundi namjua, na kushoto nitahitaji kisu kingine."