Kobe wa Baba Mdogo

Harufu ya papai lililoiva kupita kiasi, hapa sokoni Same, inanirudishia kobe aliyeletwa nyumbani kwetu mlimani nilipokuwa msichana mdogo. Baba mdogo alimwokota kule tambarare akatuletea, akijisifu kwamba hakuna mnyama asiyemjua. Akamsukumia ugali mdomoni, akamgongagonga gamba kwa kijiti. Kobe akaficha kichwa, akagoma kula.

"Mnyama mjinga huyu," akafoka. "Kesho namtupa."

Mjinga nilimjua. Baba mdogo alipoingia ndani kunywa chai, nilimbeba kobe hadi kivulini nyuma ya jiko, nikamwekea maji kwenye kifuniko cha sufuria na kipande cha papai, nikasogea kando. Baada ya muda mrefu alitoa kichwa, akanusa, akang'ata. Maji matamu ya papai yakamchuruzika shingoni. Baba mdogo alipotoka akamkuta anakula.

Jioni wakaja wageni. "Nimemfundisha kula mimi mwenyewe," baba mdogo akawaambia, akainama na papai. Kobe akajifungia. Akambembeleza, akapiga magoti na suruali yake ya kanisani, akambembeleza tena, wageni wakitazama pembeni kwa aibu.

"Mpe baba yako mdogo maji anawe," mama akaniambia.

Nikampa, kwa mkono wa kushoto.