Hapana ya Kwanza

Kwetu Uvira mgeni akikaribishwa chakula hasemi ndiyo. Anasema, "Nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi," hata kama tumbo linanguruma. Mwenye nyumba anajua. Anasuuza sahani, anaileta, anasema, "Hata tonge moja tu." Mgeni anakataa tena, lakini safari hii ameshasogeza kiti. Mara ya tatu ananawa mikono. Anayenawa mara ya kwanza huchekwa, na mama yake huchekwa naye kwa kutomfunza. Ndivyo nilivyolelewa, na mimi nikamlea binti yangu hivyohivyo.

Majina ya watu wote walio katika habari hii ninayo, hata la mkalimani wa ofisini, la mke wake, na la mji aliotoka. Siyaandiki, maana wengine bado wanangoja.

Mwaka 2016 tulikuwa wanne katika chumba kimoja Marshalltown, huku kusini tulikokimbilia: mimi, binti yangu, mume wake, na mtoto wao wa kike wa miaka minane. Binti alisuka nywele barabarani, chini ya jengo letu. Mkwe alilinda ghala la nguo, analala mchana, anaamka jioni. Lifti ilikuwa imekufa kabla hatujahamia, na goti langu halikuzipenda zile ngazi za ghorofa sita, kwa hiyo nilishuka Jumapili kwa ajili ya kanisa na siku za ofisi ya wakimbizi. Siku nyingine zote nilikuwa ndani.

Ndani nako kulikuwa na mambo yake. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaketi pamoja wala hawali wakitazamana. Nyumba ikiwa na uwanja, hilo ni jepesi, kila mtu ana upande wake. Sisi tulikuwa na chumba cha hatua saba. Binti alitundika pazia katikati, na kwa miaka minne nilikula nyuma ya pazia nikiutazama ukuta, nikisikia kijiko cha mkwe wangu kikigonga sahani. Aliponisemesha aliniita Mama, nami nilimwita Baba, kila mtu akiangalia chini. Alikuwa mkwe mwema. Sikuwahi kumwona vizuri uso.

Ndipo watu wa ofisi wakapiga simu. Faili letu la Amerika, ambalo tulikuwa tumeshaanza kulisahau, limefunguliwa. Watu wanne, faili moja. Binti alipanda ngazi mbio, nywele za kusukia bado ziko shingoni mwake, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Aliogopa jambo moja tu, akalisema siku ileile: "Mama, tusitenganishwe. Mimi bila wewe siendi popote." Nilimwambia anyamaze, asimtangulie Mungu. Moyoni nilitaka kwenda kuliko wote. Nilitaka nyumba yenye mlango unaotokea chini, kwenye ardhi.

Tukaambiwa tuhudhurie mafunzo kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa moja Braamfontein. Mwalimu alikuwa msichana wa Kitanzania aliyesoma chuo kikuu pale karibu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kilichopigwa pasi. Alitufundisha jinsi ya kuongea na Wamarekani bila kuwaudhi.

"Mmarekani akikuuliza u hali gani, jibu nzuri, basi. Usimpe habari ya goti."

"Na kama goti linauma?" niliuliza.

"Linauma, Mama, lakini wewe sema nzuri."

"Huo si uongo?"

"Ni salamu tu, Mama."

Akaendelea. Mtu usimwulize ana miaka mingapi, analipwa kiasi gani, mbona hajaolewa, mbona hana mtoto. Usimwambie amenenepa, hata kama unamsifu. Usisimame karibu naye mpaka mkasikiliana pumzi. Mama mmoja wa Bujumbura, fundi wa cherehani, alishindwa kuvumilia.

"Sasa tutaongea nini na hao watu?"

"Hali ya hewa."

"Hali ya hewa si kila mtu anaiona?"

Tulicheka mpaka mchungaji akachungulia.

Lakini somo lililonishinda lilikuwa la Jumamosi ya tatu. "Mmarekani anauliza mara moja," alisema mwalimu. "Ukisema hapana, ameisikia hapana yako, ameiheshimu. Kukuuliza tena, kwake yeye, ni kukusumbua. Na kila mtu anajibu mwenyewe. Mume asimjibie mke, mkwe asimjibie mama. Hasa siku ya mahojiano. Ukimjibia mwenzako, wataona mna kitu mnaficha."

Alikuwa na chupa ya chai. Akaanza kupita kwa kila mtu, yeye akijifanya Mmarekani. Alipofika kwangu akainama, "Mama, utakunywa chai?"

"Asante, mwanangu, nimekunywa."

Akafunga chupa, akaenda kwa mwingine. Nilikuwa sijaonja kitu tangu asubuhi.

"Mama wa Uvira!" alipiga kelele yule fundi. "Amerika utakufa na njaa!"

Nyumbani mjukuu wangu alikazana kunifundisha. Yeye anakisikia Kiswahili vizuri lakini anajibu kwa Kiingereza, na mimi aliniita Gogo, kama wanavyoita bibi zao wenzake wa shuleni. Alishika kikombe cha maji, akajifanya mzungu.

"Gogo, chai?"

"Yesi."

"Eish, Gogo! Yesi, plizi!"

"Yesi, plizi."

Tulirudia mpaka nikaweza. Siku moja nikasema yesi kabla hajamaliza kuuliza, na nyuma ya pazia nikamsikia mkwe wangu akicheka. Mbele ya mtoto ilikuwa rahisi. Mtoto humwonei aibu.

Siku ya mahojiano tulivaa nguo za kanisani. Aliyetuhoji alikuwa mama wa Kimarekani mwenye mvi kama zangu, miwani imening'inia kwa uzi, sauti ya upole. Pembeni alikaa mkalimani, Mrundi mwenye tai. Viti vilikuwa vinne mstari mmoja. Mkwe akakaa kushoto kwangu, bega lake karibu liguse langu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kukaa hivyo. Nilijisogeza hadi nikawa nusu ya kiti.

Aliwauliza wao kwanza, mambo mengi, wakajibu vizuri. Kisha akanigeukia, akatabasamu.

Mkalimani akasema, "Mama, anauliza: wewe mwenyewe unataka kwenda kuishi Amerika, katika nyumba ya binti yako na mume wake?"

Katika nyumba ya mume wake. Na mwenye nyumba amekaa pale, namsikia anavyopumua. Mwanamke mzima, mbele ya mkwe wake, aseme nataka nyumba yako? Hata mwanamke asiye na kwao hasemi hivyo. Ile yesi, plizi niliitafuta mdomoni, sikuiona.

Nikasema, nikiangalia sakafu, "Hawa ni vijana, waende. Mimi mzee nitawalemea tu. Mimi nitabaki."

Nikangoja. Kwetu hapo ndipo mkwe anapoingia. Anasema, "Mama, utabaki na nani? Hatuendi bila wewe." Mimi nakataa tena kidogo, yeye anasema tena, nami nasema haya basi, kwa kuwa mmenilazimisha. Hivyo heshima yake inaonekana, na yangu inabaki.

Mkwe hakusema kitu. Alikuwa amefundishwa ukumbi uleule, Jumamosi ileile: usimjibie mwenzako.

Binti alisema, "Mama..." na mkalimani akamwinulia mkono taratibu.

Yule mama wa Kimarekani aliniangalia kwa huruma. "Anasema asante kwa kuwa mkweli," akasema mkalimani. "Anasema anaheshimu uamuzi wako." Mama yule akaandika. Aliandika mstari mmoja, akafunga kalamu.

Huko nje, barabarani, binti yangu alinishika mabega mbele ya wauza ndizi na chaja za simu.

"Umesema nini, Mama? Umesema nini mle ndani?"

"Nilisema kama anavyosema mama mkwe."

"Nani alikuuliza kama mama mkwe?" Akamgeukia mumewe. "Na wewe! Umekaa kama jiwe!"

"Ningesema, wangeniandika mwongo," alisema. "Pardon, Mama. Neno lilikuwa ulimini hapa, hapa kabisa."

Kesho yake asubuhi binti alirudi ofisini peke yake. Walimwambia kwa upole kwamba neno la mama halibadilishwi na mtoto. Mama mwenyewe aandike barua, aitwe upya. Wakati huo jina langu lilikuwa limeshatolewa kwenye faili lao, nami nimefunguliwa langu peke yangu.

Niliandika barua, nikaitwa baada ya miezi tisa. Safari hii alikuwa kijana, na mimi nilikuwa peke yangu na mkalimani. Sikumngoja amalize. "Nataka kwenda," nikasema. "Nataka kuishi na binti yangu, katika nyumba ya mkwe wangu. Nataka." Jasho lilinitoka kana kwamba nimevua nguo.

"Kwa nini mara ya kwanza ulisema hapana?"

Nikamweleza habari ya mgeni na sahani. Mkalimani alitafsiri kirefu, mikono inaenda huku na huku. Kijana alisikiliza vizuri kabisa, sina lawama naye. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo leo ndiyo yako ni ndiyo? Sio ya adabu?"

Niliona aibu kwa swali lile, lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Akasema barua itakuja.

Iliyokuja kwanza ilikuwa ya wao watatu. Tarehe ya ndege. Yangu ilisema bado inaangaliwa. Na karatasi zao za daktari zilikuwa na mwisho wake: ndege ile ikiwapita, wanapimwa upya, wanarudi nyuma ya foleni, na hakuna aliyejua kama foleni yenyewe ingekuwepo, maana redio ilisema Amerika inafunga milango kidogo kidogo. Juma lilelile watu walimzuia mkwe wangu njiani, wakamvua koti la kazi, wakamwambia arudi kwao.

Alikuja upande wake wa pazia, akasimama.

"Mama, tumekubaliana na binti yako. Tunakungoja. Hatupandi."

"Nendeni, Baba," nikasema.

"Mama, hatuwezi kukuacha. Utabaki na nani?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja katika chumba kile cha mahojiano. Yalikuja baada ya mwaka na zaidi. Nilikaa kitandani, nikashika goti kwa mikono miwili.

"Nina kanisa. Nendeni."

"Nakuuliza mara ya tatu, Mama." Sasa alikuwa analia, na hakujificha. "Mara ya tatu. Useme tu haya, tunabaki."

Mtoto alikuwa mezani anaandika hesabu za shule, kalamu imesimama. Binti alikuwa mlangoni, ameupa mlango uso wake. Wote walijua mara ya tatu inampa mtu ruhusa gani. Ningesema haya basi, wasingenilaumu hata siku moja, wangefungua mabegi palepale na kurudisha sufuria kwenye rafu.

"Baba, hii si adabu," nikasema. "Hili ni neno langu. Mpeleke mtoto."

Waliondoka Alhamisi. Mtoto hakuongea Kiingereza siku hiyo. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kwamba mto wake ameniachia mimi.

Chumbani sasa nakaa na familia ya Kirundi, mume, mke na mapacha, watu wa heshima. Jumatano ya kwanza baada ya ndege nilishuka ngazi zote, nikipumzika kila ghorofa, nikaenda kuuliza habari za faili langu. Msichana wa dirishani aliangalia kompyuta, akasema bado. Nikamwambia nitakuja Jumatano ijayo. Akasema si lazima nijichoshe, wao watapiga simu.

Jumatano iliyofuata nilikwenda.