Mchezaji Asiyeshikwa Mkono

Nakumbuka asubuhi moja ya theluji, mwanangu, nilipolowesha vidole vyangu na kuharibu kazi ya mwanamke mwingine. Nakusimulia kwa sababu tangu umeingia hapa kwangu Hagsätra, huku ughaibuni, umeacha chai ipoe, na umeniambia kuna kosa umelificha kazini Märsta. Hukusema ni kosa gani, nami sikuulizi. Nisikilize kwanza.

Nilikuwa kijana, kazi yangu kutundika picha katika ukumbi mmoja wa sanaa mjini. Zikaletwa picha za Bi Lakhi, mchoraji wa kabila la Warli kutoka India. Watu wake tangu zamani huchora kwenye kuta za nyumba kwa mchele uliosagwa. Yeye alichora vivyo hivyo, ila juu ya vitambaa vilivyosiribwa udongo na mavi ya ng'ombe, na humo mabasi na minara ya simu navyo vilikuwamo. Nilipofungua sanduku, harufu ile ilinirudisha kwa bibi yangu Singida. Nikajiona mwenyeji! Kumbe sikujua kitu.

Picha kubwa kuliko zote ilikuwa na duara la wachezaji walioshikana mikono. Mahali pamoja udongo ulikuwa umepasuka kidogo. Kwa bibi, ufa wa ukuta tuliupangusa kwa kiganja chenye maji, ukafunga. Nami nikafanya hivyo hivyo. Mchele ukayeyuka, mchezaji mmoja akatoweka chini ya kidole changu.

Mwenye picha alikuwa anakuja keshokutwa. Badala ya kusema, nilisaga mchele jikoni kwangu, enzi hizo nikiishi Rinkeby, nikawahi kazini kesho yake, nikachora mchezaji wangu kwa njiti ya kiberiti. Niliogopa kuwagusa wenzake nisije nikawafuta nao.

Msimamizi aliona doa la maji. Akamwita Mama Beatrisi, Mkongomani aliyekuwa akisafisha sakafu, akamhoji kuhusu ndoo yake. Mimi nilisimama hatua tatu tu kutoka hapo, nikajifanya natafuta misumari.

Bi Lakhi alipofika, mama mdogo wa umbo aliyevaa koti la kuazima, alipita polepole mbele ya picha zake, kisha akasimama.

"Huyu hakushikwa mkono," akasema. "Kwetu hakuna anayecheza ngoma hii peke yake. Nani amemchora kwa hofu hivi?"

Nikasema ni mimi.

Hakunifokea. Alimfuta mchezaji wangu mbele ya macho yangu, akanipa bakuli la mchele nimshikie, akachora wake. "Ungenipigia simu siku ile ile," alisema, "ningekuambia uache pakauke. Yale maji yalikuwa bahati mbaya. Huyu wa pili ulimchora makusudi."

Msimamizi alinishusha kazi, nikatunza makoti ya wageni majira yote ya baridi. Hilo nililistahili. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nilimpata mapema, nilipomfuata Mama Beatrisi kumwomba radhi. Alikamua tambara lake, akaniuliza: "Uliona vile banauliza mie, na ukanyamaza, dada?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi, mwanangu, kosa liseme lingali bichi, kabla hujalipaka rangi, na kabla halijatafuta mtu mwingine wa kumwangukia. Najua unaogopa. Mimi nimezeeka na bado naogopa nikiikumbuka ndoo ile. Nenda na hofu yako hivyo hivyo. Kesho panda treni ya mapema, umwone msimamizi wako kabla mtu asiyehusika hajaitwa akaulizwa kosa lako.

Lete kikombe nikupashie chai. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na ukishakiri, usikose wa kukushika mkono. Amina.