Yoga ya Yaya Marceline

Dada yangu mkubwa, Yaya Marceline, hakupanda toleka kama watu wengine. Hapa Kisangani abiria wa baiskeli hukaa nyuma ya dereva, akiona mgongo wake na jasho la shati, akifika anashuka, basi. Yeye alizunguka kwanza mbele, akamtazama dereva usoni, akamuuliza jina lake na habari za kwao. Ndipo akapanda. Sisi tulioongozana naye tulisimama juani tukingoja.

Alikuwa fundi wa kushona katika komini ya Tshopo, mjane, Mkristo wa misa ya asubuhi. Mgongo ulipoanza kumsumbua kwa sababu ya cherehani, mwalimu mmoja alikuja parokiani kuwafundisha kina mama yoga. Yaya alienda mara tatu. Mimi nilimkemea, kwa maana katika kikundi chetu cha maombi tulikuwa tumeambiwa mazoezi hayo yanaita pepo.

"Pepo gani atakubali kukaa mu mugongo mubovu hivi?" aliniuliza. "Mwalimu alisema yoga ni kuunganisha. Kuinama nimeshindwa. Kujiunga na watu, ile naweza."

Tangu siku hiyo, kila alipozungumza na mtu asiyemjua, muuza majani ya sombe au mama wa foleni ya maji, alirudi nyumbani akisema amefanya yoga yake. Niliona aibu. Mimi ni mtu wa kutembea nikitazama chini.

Mwaka jana, mwezi wa tano, uvimbe wa tumboni ulimtoa damu nyingi. Hospitalini walisema lazima apasuliwe siku ileile, ila damu ya kundi lake haikuwepo. Ndugu walete mtu wa kutoa damu kabla ya saa sita, la sivyo hatavumilia kisu. Yangu ilipimwa, haikulingana. Kaka yetu Bavon alikuwa Yangambi, safari ndefu ya mtoni. Ilikuwa imeshafika saa nne.

"Toka inje," Yaya akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesinzia. "Kule kuko watu."

"Watu gani? Siwajue."

"Bon. Ndiyo uwaulize jina."

Nje ya lango walikuwepo madereva wa toleka kama kumi. Nilifika nyuma yao nikasema harakaharaka, "Nani atanipatia damu? Nitalipa."

Walicheka. Wawili walisogeza baiskeli zao mbali. Katika mji huu watu wanaogopa habari za damu inayouzwa.

"Yangu iko kidogo, mama," mmoja alisema. "Hata mbu wanalalamika."

"Enda kambi ya Kapalata," mwingine akadakia. "Maaskari wako nayo mingi, kazi yao kulala."

Niligeuka nirudi ndani nikapige magoti. Lakini moyoni nilijua kwamba saa ile magoti yangekuwa mahali pa kujificha. Nikazunguka hadi mbele ya baiskeli ya kwanza, nikamtazama mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu za mvi.

"Papa, jina lako nani?"

"Amuri."

"Kwenu ni wapi?"

"Kasongo, kule Maniema. Na weye? Unatuomba damu, jina hujatupatia."

"Cathy," nilisema, na machozi yakanishinda. Nikamweleza yote: dada, uvimbe, saa sita. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama sindano iko kubwa. Nikamwambia ukweli, iko kubwa.

Alikuna ndevu. "Yakubu, niangalilie kinga yangu," alimwambia mwenzake wa kwao, akimwonyesha baiskeli.

"Kinga itajiangalia," Yakubu akajibu, akaifunga kwa mnyororo pamoja na yake. "Miye nakuja kuona namna utazimia."

Damu ya Amuri ililingana. Ya Yakubu pia ililingana, na aliyezimia ni yeye.

Yaya alipasuliwa mchana huo, na Mungu akatuachia miezi saba tena. Katika kikundi cha maombi nilitoa ushuhuda, nikawataja kwa majina Waislamu wawili wa Maniema. Wengine walikohoa. Nikawataja mara ya pili.

Uvimbe ulirudi, na wiki ya pili ya Majilio akatutoka. Naandika haya nikiwa bado na kitambaa cha matanga kichwani, na sitasema haiumi. Lakini nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa nane. Mvua ilinyesha, tukakaa mlangoni tukila mahindi ya kuchoma. Yeye aliyeongea na kila mtu hakusema neno kwa saa nzima. Bega lake lilikuwa na joto juu ya langu. Ningepewa alasiri hiyo peke yake, bado ningesema asante.