Msaragambo wa Kompyuta

Mkwe wangu alipanda huku kwetu milimani Chome kuniomba niuze ng'ombe wangu, na nilikuwa naye mmoja tu, nimnunulie kompyuta ya pili ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Ile ya kwanza ilikuwa kwake Same, inanguruma kama mashine ya kusaga, hata kuku walihama banda.

“Baba, kuchimba ni kushindana kutegua mafumbo. Dunia nzima wameongeza mashine, mafumbo yanateguliwa haraka. Tuwahi!”

“Na yakiisha haraka mno?”

Akajikuna. “Kila wiki mbili hivi mtandao unajipima. Ukiona wanategua upesi, unayafanya magumu. Mashine zikipungua, unayalegeza. Lazima moja liteguliwe kila dakika kumi hivi.”

Nikacheka mpaka nikakohoa. Shule niliishia la tatu, lakini hilo nalijua. Ujanani, kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima tulizibua mfereji mpaka saa sita, makande yaive. Siku moja nikaleta mashemeji wanne wenye mabega, ili tumalize mapema. Msimamizi akatuhesabu, akachukua kamba ya kupimia, akaturefushia kipande cha kuzibua. Tukamaliza saa sita ile ile. Mashemeji hawakunisalimu mpaka Krismasi.

“Sasa mwanangu,” nikamwambia, “niuze ng'ombe ili msimamizi arefushe kamba?”

Mke wangu akamletea kikombe cha maziwa, akanywa, akaomba kingine. Ng'ombe yupo hadi leo. Mkwe hupanda kila Jumapili kumjulia hali, na kidumu mkononi.